Anayebebwa Haoni Uso

Mtoto aliyefungwa mbeleko mgongoni haoni uso wa mama yake. Shavu lake limelala kati ya mabega ya mama na macho yake yanatazama pembeni. Anaona ua la minyaa, mbuzi, punda wa jirani, vichwa vya alizeti, watu wanaopishana njiani na kumchekea. Anaona kila mtu isipokuwa yule anayembeba. Akishtuka usingizini na kuanza kulia, uso anaoutafuta hauko mbele yake. Anachopata ni kiganja kinachozungushwa nyuma na kumpigapiga polepole, na sauti anayoisikia mgongoni kabla haijafika masikioni. Hunyamaza, akalala tena.

Nilikuwa muuguzi mkunga katika zahanati na vituo vya afya vya Iramba mpaka nilipostaafu, na sasa ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa KKKT, upande wa Kinampanda. Kazi hizo mbili zimeniletea swali moja kutoka kwa watu wengi. Wodini huulizwa kwa kilio, kanisani kwa kunong'ona: kama Mungu yupo, mbona haonekani? Mbona siku niliyomhitaji hakunionyesha uso wake? Nataka kulijibu kadiri ninavyoweza, na nitaanzia kwenye mbeleko, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kuliko vitabu.

Wasiowahi kubeba hudhani mbeleko ni kipande cha nguo tu. Bibi yangu alibebea ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa kwa mafuta mpaka ikalainika. Mama yangu alibebea kaniki, baadaye khanga. Mimi nilibebea kitenge, kwa sababu ni kizito na hakitelezi. Namna ya kubeba haikubadilika. Mama huinama, humpitisha mtoto ubavuni mpaka alale kifudifudi mgongoni, humshikilia kwa mkono mmoja uliopinda nyuma, na kwa mkono wa pili hurusha nguo juu yake. Ncha mbili huja mbele. Moja hupita juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, zikakutana kifuani kwa fundo. Wengine huzikaza zote mbili juu ya matiti. Miguu ya mtoto hupanuka ikakumbatia kiuno, magoti yakapanda, nyonga zikakaa sawasawa. Kliniki niliwaambia akina mama wasubiri shingo ikaze, kiasi cha miezi mitatu, na wahakikishe pua haizibwi. Baada ya hapo kazi zote zinakwenda: kupalilia uwele na mtama, kupepeta, kusonga ugali, kupanga foleni kisimani na kurudi na ndoo kichwani. Mwezi wa saba, upepo wa Singida unapovuma tangu alfajiri, mtoto huyo ndiye mtu pekee nyumbani asiyejua baridi.

Katika hali hiyo mtoto anamjuaje mama? Anamjua kwa joto, kwa harufu ya jasho na moshi wa kuni, kwa mapigo ya moyo, kwa mtikisiko wa hatua. Mwaka 2013 Kumi Kuroda na wenzake wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walichapisha utafiti juu ya watoto wa chini ya miezi sita. Mama aliyempakata mtoto akiwa ameketi hakumtuliza kama alivyomtuliza aliposimama na kutembea naye. Mara mama alipoanza kwenda, kilio kilipungua, mwili ukatulia, na mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka. Mikono ilikuwa ileile na kifua kilekile. Kilichoongezeka ni mwendo. Mtoto humtambua anayembeba kwa sababu anapelekwa mahali.

Wauguzi wenzangu wanajua pia habari ya watoto njiti. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, Dkt. Edgar Rey alianza kuwaweka watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwapa joto hazikutosha. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mdogo sana asubiri mpaka hali yake itulie ndipo apewe kifua cha mama. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nijeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara moja bila kungoja. Katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12 ya hao, na asilimia 15.7 ya wale waliosubirishwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwasubirisha wengine. Mtoto wa kilo moja na nusu, ambaye macho yake hayajaweza kutulia juu ya sura yoyote, anatiwa uhai na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Sasa nirudi kwenye swali. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 33, Musa anaomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Uso anakataliwa. Anawekwa katika ufa wa mwamba, anafunikwa kwa mkono, na utukufu unapokwisha kupita anaruhusiwa kuona upande wa nyuma tu. Wengi huisoma sura hiyo kama habari ya mtu aliyenyimwa. Aliomba kikubwa, wanasema, akapewa masalio.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni Mwislamu, na mambo ya Mungu tumeyazungumza tukichambua mboga tangu nilipoolewa. Nilipomweleza sura hiyo aliniletea tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, akanifungulia Sura Al-A'raf, aya ya 143. Humo pia Musa anaomba amwone Mola wake. Anaambiwa hataweza, na kwamba autazame mlima. Mola anapojidhihirisha kwa mlima huo, unasagika, naye Musa anaanguka amezimia. Kisha wifi akafunga kitabu akaniambia, "Lakini wifi, usije ukaenda kuwaambia watu kwamba Mungu ana mgongo. Mwenyezi Mungu hafananishwi na kiumbe." Onyo hilo nimelishika katika yote ninayoandika hapa. Ninachoeleza ni hali yetu sisi tunaobebwa. Anayebeba siwezi kumchora.

Wako waliolitafakari fumbo hili kabla yangu. Gregori wa Nyssa, askofu wa karne ya nne katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika juu ya maisha ya Musa. Alifundisha kwamba kuuona mgongo wa Mungu ni kumfuata, kwa maana anayemfuata kiongozi huona mgongo wake, na anayekutana naye uso kwa uso anakwenda kinyume cha njia yake. Mwaka 1518, mjini Heidelberg, Martin Luther aliichukua sura hiyohiyo. Alisema anayestahili kuitwa mwanateolojia ni yule anayemtambua Mungu kwa upande wake wa nyuma, yaani katika mateso na msalaba, na si yule anayedai kuchungulia utukufu uliofichwa. Sisi Walutheri wa Iramba, ambao babu zetu waliletewa Injili na wamisionari wa Leipzig na kisha wa Augustana, tumelelewa na neno hilo hata pale ambapo hatukujua limetoka wapi.

Wote wawili nawaheshimu. Lakini wote wawili wanamfikiria mwenye kuuona mgongo akiwa amesimama kwa miguu yake. Mmoja anatembea nyuma ya Mungu, mwingine anautazama msalaba. Mama yeyote wa Kinampanda angewauliza: na yule anayeuona mgongo kwa sababu yumo juu yake? Anayefuata ana nafasi kati yake na anayemtangulia. Akichoka, nafasi hiyo inakua, na mwisho anaachwa. Anayebebwa hana nafasi ya namna hiyo. Uso hauoni kwa sababu yuko karibu mno asiweze kuuona. Ili auone ingebidi ashushwe, awekwe mbali kidogo, ageuzwe. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka kusema katika makala hii yote: kutouona uso kunaweza kuwa alama ya umbali, na kunaweza pia kuwa alama ya ukaribu, na aliye mgongoni hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Najua kwa nini habari ya kufuata inatupendeza zaidi. Kubebwa ni aibu siku hizi. Timu ikishinda kwa penalti yenye utata, mashabiki husema imebebwa. Kijana akipata kazi kwa sababu ya mjomba wake, amebebwa. Ni lawama, na mara nyingi ni lawama ya haki, kwa kuwa aliyebebwa hapo amempokonya mwingine nafasi. Lakini tumeichukua lawama hiyo tukaingia nayo hata kanisani. Tunataka kufika mbele za Mungu kama watu waliotembea wenyewe, wenye vumbi la safari miguuni, na ushuhuda wa jinsi tulivyojitahidi. Mtu wa namna hiyo akipatwa na siku ambayo hawezi kutembea, hana tena lugha ya kusali.

Nabii Isaya aliwajua watu hao. Katika sura ya 46 anawaonyesha Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wamepakiwa juu ya wanyama waliochoka, mzigo usioweza kujiokoa wenyewe. Mara moja anageuka na kumtaja Mungu wa Israeli, aliyewabeba watu wake tangu tumboni na atakayewabeba hata watakapokuwa na mvi. Dini hizo mbili zipo hata leo, na zinaweza kukaa katika usharika mmoja, hata katika moyo mmoja. Iko ile ambayo mimi ndiye ninayembeba Mungu: namtetea, nampigia debe, namnyanyua anapoanguka katika maoni ya watu, na nachoka. Na iko ile ambayo nabebwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 1, inasema Mungu aliwabeba Waisraeli jangwani kama mtu ambebavyo mwanawe. Inasema hivyo kwa watu ambao jangwani humo walinung'unika na kudhani wameachwa. Waliambiwa baada ya safari. Walipokuwa njiani hawakujua.

Sasa nifike mahali ambapo maneno haya hupimwa.

Kipindi kimoja cha mvua, nilipokuwa kwenye zahanati ya mbali, alifika mama aliyetembea tangu usiku wa manane. Makorongo yalikuwa yamejaa na alikuwa amezunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Mtoto alikuwa na homa. Mama alipofungua fundo na kumleta mbele, nilijua kabla hajaketi. Aliniambia, "Nesi, alilia usiku kucha. Njiani akanyamaza, nikasema ashukuriwe Mungu, amelala."

Hapo mfano wangu unavunjika, na sitaki kuuficha ufa huo. Mama naye haoni uso wa mtoto aliye mgongoni. Anahisi uzito, anahisi joto, lakini haoni. Mgongo wa binadamu ni kipofu. Imani yangu inaniambia kwamba Mungu si hivyo, kwamba giza na mchana kwake ni sawa, kama Zaburi ya 139 inavyofundisha. Naliamini hilo kwa moyo wote, lakini siwezi kulinyooshea kidole. Wala siwezi kumwambia mama yeyote kwamba kubebwa ni ahadi ya kufika. Mtoto yule alibebwa vizuri, na mtu aliyempenda, kwa kitenge kilichofungwa sawasawa, na hakufika. Wifi yangu alikuwa sahihi: mfano wa kiumbe hauwezi kumfikia Muumba, na huu wangu unaishia palepale ninapouhitaji zaidi.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Tulimwosha mtoto. Kisha mama akaomba nimsaidie kufunga tena. Akainama, nikamlaza mtoto mgongoni pake, akarusha kitenge kilekile, akavuta ncha moja, kisha ya pili, akakaza fundo. Kwetu jambo hili linajulikana. Mama aliyefiwa mbali na nyumbani humfunga mtoto mgongoni, akapanda hata basi bila kusema neno, akakaa kimya mpaka kwao, kwa sababu kondakta angeweza kumkataa. Yule wangu hakuwa na basi. Alikwenda kwa miguu. Alimbeba mtu ambaye hangeweza tena kulia wala kushika, mtu ambaye kubebwa hakukuwa na faida yoyote kwake. Hakuna hesabu ya manufaa inayoweza kukieleza kitendo hicho. Yesu aliwahi kutoa hoja ya namna hii: ikiwa wazazi wenye kasoro wanajua kuwapa watoto wao mema, Baba wa mbinguni atazidi kiasi gani? Nami nahoji kwa njia yake. Ikiwa mwanamke aliyechoka, mwenye njaa, aliyelowa, hakuweza kumweka chini aliyekufa, sioni kwa nini niamini kwamba Mungu humweka chini mtu anapokata roho.

Nisidai zaidi ya ninachostahili. Mbeleko haithibitishi kwamba Mungu yupo. Inaondoa hoja moja tu, ile isemayo: simwoni, kwa hiyo hakuna anayenibeba. Mtoto yeyote wa miezi sita angeweza kuitoa hoja hiyo, na angekosea. Yule asemaye hakuna Mungu atafute hoja nyingine, nami nitamsikiliza kwa heshima. Na yule asemaye Mungu yupo asidai kwamba ameuona uso.

Basi anayebebwa atajuaje? Mtoto akikua hakumbuki mgongo wa mama yake. Hakuna hata mmoja wetu anayeukumbuka. Wifi alinionyesha tena, katika Sura Luqman, aya ya 14, kwamba Mungu anamkumbusha mwanadamu jinsi mama yake alivyomchukua tumboni huku nguvu zikimwishia, na papo hapo anamwagiza amshukuru Mola na wazazi wake. Nimelitafakari sana agizo hilo. Shukrani inadaiwa kwa jambo lisilokumbukwa na yeyote anayedaiwa. Tunalijua kwa kuambiwa. Shangazi yangu ndiye aliyenieleza kwamba mwaka mmoja wa njaa mama alinifunga mgongoni akashuka nami Mlima Sekenke mpaka Shelui kutafuta nafaka, akarudi akiwa na mimi nyuma na mzigo kichwani. Mama mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Nisingejua kamwe kama shangazi hangeona, au kama angeona akanyamaza.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya jumuiya ya waumini. Aliye mgongoni haoni. Anayetembea kando yake anaona. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mwanawe wa kwanza. Alikuja kwangu baada ya arobaini akauliza, "Bibi, siku ile Mungu alikuwa wapi?" Nilimwambia, "Mjukuu wangu, kwa nini mtoto alikufa sijui, na sitakudanganya. Nitakuambia nilichokiona. Usiku ule mama mkwe wako alikulaza mapajani mpaka kulipopambazuka, hakunyoosha mguu. Vijana walichimba kaburi mvua inawanyeshea. Jirani yako wa msikitini alileta unga na kuni kabla hajaombwa. Wewe hukuona, kwa sababu ulikuwa umefunikwa." Alilia, kisha akaniuliza majina ya vijana wale, mmoja baada ya mwingine.

Wifi ataniuliza kama nimewafanya watu hao kuwa Mungu. Hapana. Luther alifundisha kwamba Mungu hufanya kazi akiwa amejificha nyuma ya viumbe wake, na kwamba viumbe hao ni vinyago vyake. Kinyago si uso. Nilichoshuhudia ni mikono ya watu, na ninaamini nani aliituma.

Kwa hiyo naomba neno moja kwa wachungaji, masheikh, makatekista na wazee wenzangu tunaosimama kwenye makaburi ya watoto. Tuache kusema Mungu alimpenda zaidi. Tuache kusema alihitaji ua la bustani yake. Maneno hayo yanadai kujua uso ambao hata Musa hakuonyeshwa, na nimewaona akina mama wakiyabeba kwa miaka yakiwaumiza. Tuwe watu wa kuangalia kwa makini wakati wa msiba: nani alikuja, nani alikesha, nani alichota maji. Kisha, majonzi yakipoa, twende tukamweleze aliyefiwa kila tulichokiona, kwa majina na kwa saa. Tukimnyima ushahidi huo, atabaki akiamini kwamba alitembea peke yake, nasi tuliojua kwamba si kweli tutakuwa tumenyamaza.